Gari la Mikate

Tulilinunua dola mia tatu kwa mjane wa mwoka mikate
na hadi leo sijui alituuzia au alituhurumia.
Ubavuni limeandikwa: HRYNCHUK NA WANAWE, MOTO KILA ALFAJIRI.
Orest alitaka tulipake rangi nyeusi.
"Liacheni," akasema Darlene, "lina jina zuri kuliko letu."

Jina letu silitaji. Mama yangu bado yu hai.

Tulikuwa wanne, na nyimbo kumi na moja.
Ukizipiga zote bila kumeza mate, dakika ishirini na mbili.
Wenye kumbi walitaka saa nzima,
basi tukazipiga, tukazirudia, tukazirudia tena,
na hakuna aliyegutuka, ila kijana mmoja kule Swift Current
aliyenifuata nikikunja nyaya, akaninong'oneza:
"Ule wa nne, mara ya tatu ndipo mliupata."

Januari ya Saskatchewan haiumi. Inameza.
Hita ilikata roho hatujafika Medicine Hat.
Nywele za Darlene, alizozisimamisha kwa maji ya sukari,
ziliganda; ncha moja ikavunjikia mlangoni, tik,
akaiokota, akaitia mfukoni.
Hakucheka, nasi hatukuthubutu.
Usiku tulilichomoa blanketi tumboni mwa ngoma ya Wendell
tukalala chini yake wanne, kama unga uliokosa hamira.
Na hamira yenyewe ilikuwepo: sakafu nzima ilinuka,
tukaota mikate, tukaamka tunatafuna hewa.

Sasa, ule wimbo wa nne.
Niliutunga mimi, darasani, nyuma ya daftari la jiografia.
Unasema vijiji vyote vya nyanda hizi vichomwe,
kuanzia maghala ya ngano, kumalizia makasisi.
Tuliupiga katika ukumbi wa askari wastaafu, mji nimeusahau,
mbele ya wakulima tisa, wake zao, na mbwa.
Hatujafika kiitikio, tufani ya theluji ikafunga barabara.
Hakuna wa kutoka. Sisi na wao, hadi kuche.

Saa nane usiku mama mmoja aliyevaa buti za mumewe
akasogea jukwaani.
Leo, alisema, ametimiza miaka arobaini na Mykola wake.
Hatuna kitu cha taratibu? Cha hatua tatu tatu?
Hatukuwa nacho. Tulikuwa na kumi na moja, zote ngumi.
Wendell akaweka fimbo chini, akaazima brashi ya viatu,
akahesabu moja, mbili, tatu, kama anayembembeleza ndama,
nikaingia na besi, na vidole vyenyewe vikachagua
ule wa nne.

Wakacheza. Buti zikiburura majimaji ya theluji,
kidevu juu ya kitambaa cha kichwa, macho yamefumbwa.
Darlene aliifumbua midomo kwenye ubeti wa kuchoma,
akaifumba. Akaimba la, la, la.
Nilimkasirikia hadi Winnipeg.

Lakini kabla ya hapo, alfajiri,
dirisha la gari likagongwa. Bibi, shali, pumzi nzito kama mvuke wa sufuria.
Alikuwa amesoma ubavuni.
"Mikate myeusi, miwili," akasema kwa Kiukreini,
na Orest, aliyeikana lugha hiyo mbele yetu miaka yote,
akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa lafudhi ya mtu wa miaka themanini,
kwamba imebaki nusu, na ni ya jana.
Ilikuwa chakula chetu.
Bibi akaitwaa, akaigonga kwa kidole, akaisikiliza
kwa makini kuliko yeyote aliyetusikiliza safari ile,
akalipa senti thelathini.