Komeo Lenye Jina

Mashine namba mia na kumi na nne haina mwili.
Ni chumba cha kudhania ndani ya chuma cha kweli,
katika ghala la zamani la sukari, hapa Liepāja,
nayo hututunzia, kwa niaba ya wodi ya wazazi,
uzito wa kila mtoto
kabla hajapewa jina.

Usiku ule wa Februari Vizma alikuwa ofisini,
koti begani, akiiongezea kumbukumbu.
Mimi nilikuwa jikoni kwangu, ghorofa ya nne,
soksi zikikauka juu ya bomba la joto,
naichomoa diski kuukuu.
Tulifungua ukurasa uleule.
Kila mmoja aliuona mzima, mweupe, wake peke yake.
Akabofya Hifadhi.
Nikabofya Hifadhi.
Ukurasa wangu, uliochacha tangu saa mbili na robo,
ukaufunika wake kama theluji ifunikavyo nyayo,
bila ubaya, bila hodi.

Alfajiri mashine ikaamka na njaa ileile,
ikabeba nusu ya mzigo, ikaanguka.
Dakika arobaini, mkunga Dzidra
aliandika nyuma ya orodha ya chakula:
*gramu 3,410, msichana.
gramu 2,890, mvulana, analia vizuri.*

“Tufunge,” Vizma akasema, macho mekundu.
“Mtu akifungua tu dirisha, wengine wote nje.”
Nikamkumbusha Gunvaldis,
aliyefungua dirisha Ijumaa mchana
akaenda kutoboa barafu ziwani, avue samaki.
Enzi hizo tulikuwa tunafunga hivyo.
Hadi Jumatatu vitufe vyote vilikuwa kijivu,
nasi tukizunguka kama watu nje ya choo
ambacho aliyemo alishakwenda kwao.

“Basi lini?”

Lini.
Swali dogo, nalo lilitukalisha hadi chai ikaota utando.

Kutazama si kushika. Anayesoma asizuiwe.
Anayewaza, kidole juu ya kitufe, asizuie:
mawazo hayana saa ya kwisha.
Funga pale kalamu inapogusa karatasi,
kwa muda wa kupepesa jicho,
na kabla ya kugusa, uliza:
nilichokisoma ndicho kilichopo bado?
Kama sicho, rudi ukasome.
Ila mashine inaponakiliwa, funga kwa kitasa,
mtu havuliwi shati katikati ya kupigwa picha.
Inapohama kutoka chuma hiki kwenda kile, funga;
mguu mmoja uko kizingitini,
si wakati wa kumbadilishia viatu.

“Na aliyekufa na ufunguo mfukoni?” akauliza Vizma.
Alimaanisha kazi iliyokatika njiani
ikaacha komeo bila mwenyewe.

Sikujibu upesi.
Nilimwona baba. Mama alipotutoka
alijifungia karakana, mwaka mzima.
Tulisimama mlangoni na sahani ya moto,
hatujui kama mle ndani anarekebisha kitu
au anahama.
Kilichotuumiza hakikuwa kitasa.
Ni ule ububu wake.

Nikasema: komeo liseme.
Nani kafunga, tangu lini, kwa kazi gani.
Likinyamaza kupita kiasi, awepo mmoja
mwenye ruhusa ya kulivunja,
na aandike jina lake pale alipovunja.

Tuliijenga kwa wiki sita, tukagombana mara tatu,
moja kuhusu rangi.

Leo nilitaka kuigusa mia na kumi na nne.
Kitufe kikawa kijivu, na chini yake, kwa herufi ndogo:
*Vizma anaandika. Tangu sekunde mbili.*
Nikainua mikono kwenye kibodi
kama mtu aliyesikia maji yakimwagika bafuni
akajua nyumba ina watu.

Ile orodha ya Dzidra tuliibandika ukutani.
Vizma anataka tuonyeshe upande wa watoto.
Mimi huigeuza, nikipita:
Jumanne, supu ya kiazisukari.