Mti Uliangukia Wapi

Ilarie alikuwa na vidole saba;
siku ya ujira alivihesabu kumi.
Asubuhi hiyo, juu ya milima ya Maramureș,
msumeno uliuma gome lililoganda barafu,
unga wa mbao ukamjaa ndevuni.
Akagongelea kabari. Akapaza sauti. Tukatawanyika.

Msonobari ukaenda taratibu,
kama mzee apigaye goti kanisani.
Hakuna aliyeliona tawi kavu la mti wa pili,
limening'inia huko juu tangu dhoruba ya Oktoba,
linangoja kutikiswa tu.

Msimamizi alipofika alipima gogo kwanza.
Meta za ujazo mbili na nusu.
Akaandika.

Farasi aliijua njia.
Alishuka bondeni peke yake, mnyororo ukikwaruza theluji,
hata nilipofika na msumeno begani
Paraschiva alikwishajua: alikuwa akimfuta jasho,
shingo, kifua, kwato, tena shingo.

Hakulia mbele yangu. Aliuliza moja:
"Mti uliangukia wapi?"
Pale pale alipokusudia, nikasema.
Hata mche mmoja haukuvunjika.

Akaitikia kwa kichwa,
akaingia ndani kutafuta shati jeupe.