Safu ya Tatu

Kesho nina mtihani: Misingi ya Elimu, sura ya nne.
Tarehe nimezikariri hadi usingizini,
mwaka wa sheria, mwaka wa kesi, mwaka wa mabasi,
kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba
asiulize nani alilala sakafuni.

Mchana, katika stoo ya shule ninakofanyia mazoezi,
hapa Mississippi, upande huu wa reli,
Bwana Purvis mtunza jengo alinisukumia sanduku:
"Vya kutupa hivi, binti. Panya wameshahitimu."

Juu kabisa, kitabu cha hesabu,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ndani ya jalada, safu tatu:
Jina. Mwaka. Hali ya kitabu.

Carlton Buie, 1934, kipya.
Mary Frances Tadlock, 1938, kizuri.
Hoyt Lassiter, 1943, kimechakaa,
na hapo Hoyt kachora farasi mwenye miguu mitano.
Kisha muhuri mwekundu, umepigwa upogo:
KIPELEKWE SHULE YA WEUSI.

Kikavuka reli
kama mfupa unavyovuka meza, nyama imeshaliwa.

Chini ya muhuri, penseli iliyochongwa kwa kisu,
mwandiko unaolalia kushoto. Naujua.
Ndio ulio kwenye chupa za pichi jikoni kwetu.
Arzella Stallworth, 1947.
Hali ya kitabu: kipya.

Nikampigia. Bibi, mbona uliandika uongo?
Kimya. Televisheni yake inabwata.
"Uongo gani? Kurasa kumi na mbili hazikuwemo,
sehemu tulizikisia tu, mpaka leo nakata keki kwa kukisia.
Mwalimu Luvenia alisema andikeni mnachokiona.
Nilikuwa sijapata kushika kitabu chenye jina langu.
Nikaandika nilichokiona.
Umekula?"

Sasa ni saa sita usiku, nairudia sura ya nne.
Imepangwa vizuri, ina maswali mwishoni:
Fafanua, kwa mifano miwili, maana ya usawa.
Sijui Arzella ni mfano wa kwanza
au wa pili,
au ni yule aliyefuta ubao baada ya kipindi.

Kitabu kiko mezani, kinanuka panya na gundi.
Chini ya jina lake umebaki mstari mmoja.
Nimechonga penseli.
Safu ya kwanza naiweza,
ya pili pia.