Udongo Haukutosha

Baba alipelekwa Japani kusomea mvuke wa ardhini,
namna ya kuutega, kuufunga mdomo kwa vali.
Alirudi na cheti, na redio isiyoshika stesheni,
na bustani nzima
kichwani.

Kwa Bwana Kuroki, alikopanga chumba miezi tisa,
nyuma ya nyumba iliyozeekea ukoo mmoja
palikuwa na bwawa, na kilima, na msonobari ulioegemezwa magongo
kama mgonjwa anayefunzwa kutembea.
"Kilima," mwenyeji alimwambia, "ni shimo lililopanda juu.
Usinunue udongo. Chimba."

Akachimba. Kiamunyi, ploti ya nusu ekari,
Jumapili baada ya Jumapili, shati kiunoni.
Mama Chelagat aliuliza juu ya ua: kuna msiba?
Hakuna msiba, mama. Kuna ziwa.

Lakini ardhi ya Nakuru ni jivu la Menengai.
Mara tatu alijaza, mara tatu ikameza,
ikajipangusa mdomo.
Mwishowe akaagiza udongo mweusi wa Kano, magunia arobaini,
ule unaovua watu gambuti,
tukaukanyaga sisi watoto, pekupeku,
Ochola, mimi, na Apiyo mwenye pengo,
mpaka sakafu ya bwawa ikajaa vidole vyetu.

Maji yakakaa.

Taa ya jiwe ilichongwa Tabaka.
Fundi hakuwahi kuona kitu cha aina hiyo,
akaivika paa la msonge. Baba akaizunguka, akakubali.
Samaki wa rangi hawakupatikana; akatia ngege.
Mama naye alikitazama kilima kwa macho ya mkulima,
na upande wa kusini ukaota kunde.
Baba alijifanya hazioni,
ila mezani alizila.

Tulimzika Seme, kwao.
Mwaka uliofuata Ochola alileta ramani ya vyumba vya kupanga,
kumi na viwili, choo ndani.
Sikumbishia. Karo ya wanawe naijua.

Tukakisukuma kilima kirudi shimoni mwake.
Siku mbili, vijana wanne, toroli tatu.
Udongo haukutosha.
Tulikwangua hadi mizizi ya kunde, haukutosha.
Miaka thelathini na mmoja mvua ilikuwa ikichota,
kuku wakichota,
na sisi, tulioteleza pale kwa makalio
kisha tukakung'uta kaptura mlangoni,
tulikuwa tukikihamisha kilima na hatujui.
Ochola akasema lori moja la kifusi litamaliza.

Lori halijaja. Mvua imekuja.
Asubuhi hii pale katikati kuna maji, kina cha kiganja,
yameshikwa na ule weusi wa Kano huko chini,
hayaendi popote.
Fundichuma amesimama ndani yake,
anayakagua kama mtu wa wizara.
Mama ametoka na kikombe cha chai,
amepindua ndoo, amekaa.
Hajasema tujaze. Hajasema tuache.
Amevua kandambili moja,
anapima ubaridi kwa kidole gumba.