Yasiyomo Kwenye Muhtasari

Mimi ndiye karani. Naandika
nani alisimama, nani alipinga, saa ngapi.
Kumi na wawili wa huku, Meya akiwemo,
kumi na watatu wa kule,
na mezani sheria ndogo ya vichanja vya dagaa Kibirizi,
kurasa sita, imekwama mara mbili.

Mara ya kwanza walitoka nje wote kumi na watatu.
Viti vikabaki, na chupa za maji hazijafunguliwa.
Akidi ikafa. Nikaandika: kikao kimeahirishwa.
Mara ya pili walibaki, wakaimba nyimbo za chama
mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani.

Usiku ule redio ilimtaja rais wa nchi ya mbali,
naye kakwama bungeni kwake.
Meya Mwajabu Ntahondi akacheka, kiatu kimoja mguuni:
“Kumbe hata ikulu wanahesabu vidole.”

Wa chama chake wakamwambia, Wabane kwa kanuni.
Wengine, Wasemee kwa wananchi, uwaaibishe.
Akaniuliza mimi, nisiye na kura:
“Bukuru wa Gungu, mwaka juzi alilalamikia nini?”

Nikafukua majalada, vumbi mpaka puani.
Kalavati.
Kalavati moja, linaloziba kila Machi
na kuyapeleka maji darasani.

Jumapili akaenda kwa miguu, bila gari la bendera,
tope la Gungu hadi kwenye vifundo.
Waliyozungumza siyajui.
Najua Jumanne kifungu cha tisa kilikuwa kimefutwa,
ushuru wa mia tano umekuwa mia tatu,
na penye mtoa hoja pameandikwa
Diwani Bukuru Gwasa.
Jina la Meya nililitafuta. Halipo.

Wanawake wa mwaloni walikaa benchi la nyuma,
harufu ya dagaa ilikuwa imeshawatangulia.
Wanaanika mchangani, mvua ikija wanafagia hasara.
Hawakupiga makofi. Walikuwa wakihesabu, kama mimi.

Mkono wa Bukuru ulipanda
kama ndoo itokayo kisima kirefu.
Kumi na watatu kwa kumi na wawili.

Muhtasari unasema: hoja imepita.
Hausemi kwamba chai ilipoletwa
Bukuru aliinywa peke yake dirishani,
andazi halijaguswa,
wenzake wamempa migongo;
wala kwamba Meya alimwona,
akainua kikombe chake, akakishusha,
asiende,
maana kumfuata pale
kungemmaliza.