Anza Mkiani

Usimtazame usoni, shangazi Kuppi alisema,
wote wana sura ya mchanga.
Anza mkiani.

Huyu mkia wake ni butu, kama kidole gumba,
ndiyo maana watu wa mjini humwita Vichwa-viwili
na kumnunua kwa bei ya pikipiki.
Yule wake umechongoka.
Ana mabaka ya kahawia, na magamba yake –
fumba macho, pitisha kidole.

Nikafumba.
Mmoja laini, mpini wa jembe la marehemu baba.
Wa pili, ulimi wa paka.

Jioni mnunuzi akaja toka Chengalpattu na mizani yake.
Kuppi akamtolea mwenye mabaka:
“Nimebaki na huyu tu.”

Vichwa-viwili alikuwa ameshazama mchangani,
kichwa kimoja kikitangulia.