Kuachia Nako ni Kazi

Mwalimu Haroub alichora duara ubaoni,
ndani yake viduara, ndani ya viduara vidoa,
akasema: huu ni msuli uliokatwa kati.
Wenzangu wakanakili. Mimi nikacheka peke yangu,
kwani nilikuwa nimeshauona, Bwejuu,
kwenye ncha ya kamba ya bibi yangu Mize
alipoikata kwa kisu cha kuparia samaki.

Kamba nene ni kamba tatu nyembamba,
kila nyembamba ni nyuzi, kila uzi ni usumba
uliolala miezi matopeni chini ya mawe
hadi kilichotaka kuoza kikaoza.
Msuli vilevile: fungu ndani ya fungu,
kila fungu limejifunga utando wake kama kanga,
kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini tele,
na yote mwishoni yakakutana kuwa kano,
nyeupe, kaidi, imeng'ang'ania mfupa.

Mkono ule niliujua kabla sijajua majina.
Bibi akisokota, kwenye kigasha chake
kitu kilikuwa kikipita
kama panya chini ya jamvi.

Sasa nasoma kilichokuwa kikipita.
Amri hushuka kwa neva. Kalisi humwagika,
kalisi hiyohiyo iliyomo katika chokaa
aliyokuwa akipaka kwenye tambuu yake,
ikasogeza kizuizi.
Hapo miosini, uzi mnene wa vichwa vingi,
hushika aktini, uzi mwembamba,
huinamisha shingo, huvuta,
huachia,
hushika mbele kidogo, huvuta.
Hakuna uzi uliofupika.
Hilo nililiandika mara tatu daftarini.
Zimepishana tu, kama vidole vya mikono miwili
vinavyoingiana, na msuli mzima ukawa mfupi.

Wala msuli haujui kusukuma.
Ukitaka kunyoosha kiwiko
sharti umwite mwenzake wa nyuma avute kwake,
na huyu wa mbele akubali kulegea.
Bibi na Babu Makungu waliishi hivyo miaka arubaini;
siku walizovuta pamoja, nyumba ilikakamaa.

Swali la mtihani: nishati hutumika wapi?
Nikajibu: katika kuvuta. Nikapata nusu ya alama.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
*kichwa hakiachii mpaka kiletewe nishati mpya.
Kuachia nako ni kazi.*

Alifariki alfajiri ya Ijumaa.
Gari ya kwanza ya shamba ikaniacha, nikafika karibu na adhuhuri.
Mama na shangazi Mwanahawa walikuwa wananingoja mimi tu,
maji yamo ndooni, pazia limeshafungwa.
Viganja vyake vimekunjwa, kama vyenye kitu.
"Kaishika kamba yake huyu," shangazi akasema,
"hataki kumpa mtu."

Sikumwambia habari ya kalisi
isiyo na wa kuirudisha ghalani,
wala ya vichwa visivyohesabika vilivyoshika
vikingoja chakula
ambacho hakuna tena moyo wa kukileta.
Nilimimina maji ya uvuguvugu,
nikasugua kigasha kutoka kiwikoni kushuka,
taratibu, nikifuata njia ya panya yule.
Kidole kimoja kikanyooka. Kisha cha pili.
Ndani ya kiganja hamkuwa na kitu,
ila sugu, na harufu ya makumbi
ambayo sabuni haikuiweza.

Alikuwa amekwisha kuvuta.
Kazi ya kuachia
tulimfanyia sisi.